Fomu ya Ridhaa

Miaka ishirini na mbili nimepasua samaki Mwaloni.
Kisu kinaingia chini ya pezi, kinateremka,
na tumbo la sangara linafunguka kama mkoba:
ini hapa, utumbo pale, mayai kama yapo,
na bondo, jeupe, limebana mgongoni,
lile ambalo mama yangu alimrushia paka
na leo lina bei kumshinda samaki mwenyewe.

Kwa hiyo tumbo nalijua. Nilidhani nalijua.

Langu lilianza kuvimba wakati wa kuvuna mpunga.
Nyanzobe wa meza ya tatu, mkono kinywani:
"Holo, na umri huu?"
Nikacheka naye. Nikalegeza kanga.
Nikanywa dawa ya minyoo, nikanywa mizizi,
nikaambiwa ni kichocho, maana ziwa hilo hapo
na nani kati yetu hajakanyaga maji yake?
Kanga ikafika mwisho wa kufungika.

Hospitali, kule juu kwenye mawe, Daktari Rweyongeza
alichora kwa kalamu ya bluu nyuma ya risiti:
kidole tumbo, kadogo, kama mnyoo wa chambo.
"Ilianzia hapa. Kikapasuka kimyakimya,
kikamwaga chembe zinazotoa ute,
na ute umetanda tumbo zima."
Nikamuuliza, ute wa namna gani?
Akatafuta neno. La kitabuni likamkataa.
"Kama mlenda," akasema, akaona haya.

Mlenda! Nami nimeula tangu kuota meno.

Ni saratani, akasema, ila adimu;
haina haraka ya kusafiri, hukaa humo humo ikinenepa.
Tuko wangapi?
Akainua vidole, akavishusha.
"Hapa nimekuona wewe, na mmoja kabla yako.
Hakurudi. Sijui kama yu hai.
Hatujui mengi, mama. Hamjatosha kutufundisha."

Kisha karatasi. Je, unaridhia
kipande cha uvimbe wako kitunzwe kwa utafiti?
Shemeji Malugu akaninong'oneza: watauza.
Nilicheka hadi pumzi ikanikwama.
Shemeji, muuza matumbo ni mimi!
Bondo halikubadilika hata siku moja.
Waliobadilika ni wanaolitazama.
Nikaandika Holo Lugembe, herufi zikipanda kilima.

Walitoa lita sita.
Nina kovu kutoka kifuani hadi kinenani,
limenyooka kuliko mpasuo wangu wowote.
Picha ya mwisho ina kivuli.
Huenda ni kovu la ndani. Huenda siyo.
Daktari hakunidanganya, nami sikumwomba anidanganye.

Mezani pangu sasa pana kopo la maziwa, limetobolewa.
Kila kilo ya bondo, mia mbili.
Si ya dawa zangu. Ni nauli ya kivuko
ya yule mama wa Sengerema, wa tatu wetu,
arudi kupimwa hata siku anajisikia mzima,
asifutike daftarini kama yule wa kwanza
ambaye hata jina lake sijaambiwa.

Nyanzobe anauliza, wewe na utafiti wapi na wapi?
Namwonyesha sado. Dagaa mmoja hajazi.
Mmoja Mwanza, mmoja labda Kisumu, mmoja labda Jinja,
tunanawa maji yale yale, hatujuani.
Anatia mia tano, anataka chenji.

Mahali fulani, ndani ya friji,
(umeme usikatike, tafadhali)
nipo kidogo, nina namba badala ya jina.
Wewe utakayeniinamia na hadubini yako,
mimi sitakuona. Lakini kazi hiyo naifahamu:
mwanga uwe upande wa kushoto,
na kisu, mwanangu,
usikiharakishe.